Nani Kasema Chembe za Yabisi Zimetulia?

Mwulize kijana yeyote aliyemaliza Kidato cha Kwanza, awe wa Tandahimba au wa Thika, akueleze hali za maada. Atakujibu bila kupepesa macho. Yabisi: chembe zake zimebanana na zimetulia, pengine zinatetemeka kidogo. Kimiminika: chembe zimeachana kiasi, zinatembea taratibu. Gesi: chembe ziko mbalimbali, zinakimbia ovyo kwa kasi kubwa. Joto likiongezwa chembe hupata nguvu na kuchapuka, yabisi ikawa kimiminika, kimiminika kikawa gesi. Joto likipunguzwa, safari inageuka. Mwalimu anatia vema, jedwali la hali hizo tatu linafutwa ubaoni, darasa linahamia mada nyingine. Kila mtu ameridhika, kwa kuwa hii, tunaambiwa, ndiyo mada nyepesi kuliko zote katika kemia.

Si nyepesi hata kidogo. Imefanywa nyepesi kwa kunyofolewa nusu yake, na nusu iliyobaki ikapindwa ili iweze kusimama peke yake. Jedwali linataja mwendo wa chembe tu. Juu ya kuvutana kwa chembe hizo halisemi neno. Ni sawa na kumfundisha mtu mpira wa miguu kwa kumwonyesha timu moja uwanjani: mabao atayaona, lakini hatajua kwa nini mashuti mengine hayaingii. Ninachodai ni hiki. Kitu huwa yabisi, kimiminika au gesi kutokana na shindano kati ya mwendo wa chembe zake na kani zinazozivuta pamoja. Anayefundisha mwendo bila kani hajarahisisha somo, ameliharibu. Na desturi ya kuziahirisha kani hizo hadi madarasa ya juu, au kuzipitia siku moja tu chini ya mada ya bondi, haina utetezi.

Tuanze na suala la kasi, maana ndilo linalosemwa kwa kujiamini zaidi. Uweke msumari wa chuma juu ya meza katika chumba chenye nyuzi 27. Atomu zake zinatetemeka, na kasi yake tunaweza kuikadiria kwa hesabu ile ile inayotumika kwa gesi, kwa sababu jotoridi hupima wastani wa nishati ya mwendo wa chembe, ziwe za yabisi, za kimiminika au za gesi. Jibu ni zaidi ya mita 350 kwa sekunde. Sasa ichukue naitrojeni ambayo ndiyo kwanza imechemka, katika nyuzi 196 chini ya sifuri. Hiyo ni gesi kamili, haina ubishi. Molekuli zake zinakwenda takriban mita 260 kwa sekunde. Yaani atomu ya msumari tuliofundishwa kwamba umetulia inaishinda mbio molekuli ya gesi tuliyofundishwa kwamba inakimbia ovyo, na inaishinda ingawa ina uzito mara mbili yake. Ila atomu ya chuma haifiki mbali. Inakwenda sehemu ndogo tu ya upana wake, inavutwa, inarudi, tena na tena, mara trilioni kadhaa katika sekunde moja. Kitu gani kinairudisha? Hapo ndipo jedwali linapokosa la kusema.

Mtu atasema nimechagua mfano wa mbali, naitrojeni ya kimiminika haiuzwi sokoni. Vema, tuchukue viwili vilivyo sawa kwa kila hali. Kuna ethanoli, ile spiriti anayopakwa mgonjwa kabla ya kuchomwa sindano. Kuna na dimethili etha, kitu kinachotumika kusukuma marashi na rangi katika baadhi ya makopo ya kupuliza. Molekuli ya kila kimoja ina atomu mbili za kaboni, sita za haidrojeni na moja ya oksijeni. Uzito ni ule ule. Viweke katika chumba kimoja chenye nyuzi 27: molekuli za vyote viwili zitakwenda kwa wastani ule ule, takriban mita 400 kwa sekunde. Kwa mujibu wa jedwali, basi, viwe katika hali moja. Lakini ethanoli iko chupani, kimiminika kitulivu ambacho hakichemki mpaka nyuzi 78, wakati etha imekwisha kuwa gesi tangu nyuzi 24 chini ya sifuri. Kasi moja, uzito mmoja, hali mbili.

Siri iko kwenye mahali oksijeni ilipokaa. Katika ethanoli, oksijeni imeshikana na haidrojeni moja, na kwa kuwa oksijeni ni mroho wa elektroni, huzivutia upande wake na kuiacha haidrojeni ikiwa na chaji chanya kidogo. Haidrojeni hiyo huitafuta oksijeni ya molekuli jirani na kuikamata. Hiyo ndiyo bondi ya haidrojeni. Katika etha, oksijeni imebanwa katikati ya kaboni mbili, haina haidrojeni yake ya kutoa mkono kwa jirani. Molekuli zake huvutana, lakini kwa kani hafifu, na mwendo wa mita 400 kwa sekunde unatosha kuzitawanya.

Wala hatuhitaji maabara kuliona jambo hili. Juni na Julai, baridi ya Njombe ikikaza, mafuta ya nazi huganda kwenye kopo yakawa meupe kama samli, na mafuta ya alizeti yaliyo kando yake kwenye kabati lile lile yanamiminika bila taabu. Nairobi asubuhi za Julai ni hivyo hivyo. Dar es Salaam yote mawili ni ya maji karibu mwaka mzima, kwa kuwa mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 au 25 hivi. Mtoto wa darasa la tano ameshaliona. Hebu mpe jedwali la Kidato cha Kwanza alieleze. Chupa zote mbili zina jotoridi moja, kwa hiyo nishati ya mwendo ni moja. Mtu anaweza kudhani labda molekuli za alizeti ni ndogo na nyepesi zaidi. Ni kinyume chake: sehemu kubwa ya minyororo ya alizeti ina kaboni 18, na ile iliyo mingi katika nazi ina kaboni 12. Lakini minyororo ya nazi imenyooka, inalala ubavu kwa ubavu kama kuni zilizopangwa vizuri, na kila sehemu yake inaugusa mnyororo jirani na kuuvuta. Ya alizeti ina bondi maradufu zinazoipinda, haipangiki, haigusani vya kutosha, na kani hazipati pa kushika. Umbo la molekuli limeamua hali ya kitu. Ni somo zuri kiasi gani kwa mtoto anayetoka nyumba yenye mafuta hayo! Na tunampa nini badala yake? Safu tatu za kukariri.

Dai la pili la jedwali ni kwamba ukiongeza joto, mwendo wa chembe huongezeka, na hivyo ndivyo kitu kinavyobadilika hali. Dai hili ni kweli kila mahali isipokuwa pale linapohitajika. Weka vipande vya barafu katika sufuria, tumbukiza kipimajoto, washa moto mdogo, koroga. Kipimajoto kitasimama kwenye sifuri na kitabaki hapo hadi kipande cha mwisho kitoweke. Moto unawaka muda wote huo, joto linaingia, na jotoridi halipandi. Kama jotoridi halipandi, wastani wa nishati ya mwendo haujapanda. Molekuli za maji yaliyoyeyuka sasa hivi kwa nyuzi sifuri hazina mwendo zaidi ya zile za barafu ya nyuzi sifuri inayoelea juu yake. Kwa hiyo barafu haikuwa maji kwa sababu chembe zake zimechapuka. Joto lote limetumika kuzishinda kani, kuvunja mpangilio uliokuwa umezifunga molekuli.

Na si joto dogo. Kuyeyusha kilo moja ya barafu kunahitaji kilojuli 334, joto ambalo lingeweza kuyachukua maji hayo hayo kutoka sifuri hadi nyuzi 80. Kuigeuza kilo moja ya maji ya nyuzi 100 kuwa mvuke wa nyuzi 100 kunahitaji takriban kilojuli 2,257, zaidi ya mara tano ya joto la kuyatoa sifuri na kuyafikisha mia. Mama lishe yeyote aliyeunguzwa na mvuke wa sufuria anajua kwamba ni mkali kuliko maji yenyewe. Mvuke unapotua juu ya ngozi na kurudi kuwa maji, unalipa deni lote lile kwa mkupuo. Joseph Black alilifundisha jambo hili Glasgow katika miaka ya 1760, na hoja yake ilikuwa ya mtu anayetazama nje ya dirisha: kama barafu ingehitaji joto kidogo tu kuyeyuka baada ya kufika sifuri, theluji ya majira ya baridi ingegeuka maji kwa ghafla siku ya kwanza ya vuguvugu, na mafuriko yangezoa kila kitu. Hilo lilisemwa zaidi ya miaka 250 iliyopita. Wanafunzi wetu huchora ule mstari uliolala kwenye grafu ya kupasha barafu, huuchora kwa rula, wanapata alama zao, na ukiwauliza kwa nini umelala wanakutazama.

Uharibifu hauishii hapo. Mtoto asiyeambiwa kwamba kuna kani kati ya molekuli atajitafutia kitu kingine cha kuvunjika maji yanapochemka, na kitu pekee anachokijua ni molekuli yenyewe. Ndiyo maana wengi huamini kwamba viputo vya maji yanayochemka ni haidrojeni na oksijeni. Mwaka 1983 Roger Osborne na Mark Cosgrove walichapisha utafiti wao juu ya watoto wa New Zealand na majibu yalikuwa ya namna hiyo: viputo ni hewa, viputo ni joto, viputo ni haidrojeni na oksijeni. Si ujinga wa watoto. Ni hitimisho la mtu makini aliyenyimwa nusu ya habari. Tazama tofauti ilivyo kubwa: kuitawanya moli moja ya molekuli za maji ziwe mvuke huchukua takriban kilojuli 41, na kuzivunja molekuli hizo hizo hadi atomu moja moja huchukua zaidi ya 900. Jiko la mkaa linaliweza la kwanza. La pili haliliwezi. Mwanafunzi anayezijua kani za aina mbili, zile za ndani ya molekuli na zile za kati ya molekuli na molekuli, hatanaswa na kosa hili hata siku moja.

Sasa niende kwenye mfano ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu unapita barabarani. Dar es Salaam kuna gesi mbili. Moja ni ya kupikia, propani na butani, inayouzwa katika mitungi ya kilo 6 na 15. Tikisa mtungi wenye gesi: unasikia maji yakicheza ndani. Ni kimiminika, na ukipika kwa muda mrefu na moto mkubwa ubavu wa mtungi hupoa hadi kutoa jasho, kwa kuwa kimiminika kinachogeuka gesi kinalipia joto lake kutoka kwenye chuma na hewa iliyo jirani. Nyingine ni gesi asilia, karibu yote ni methani, inayotoka Songo Songo, Kilwa, na ambayo bomba lake limekuwa likifika Dar es Salaam tangu 2004. Bajaji na teksi zinazotumia gesi hiyo hubeba mitungi mizito yenye kuta nene, kwa kuwa ndani yake gesi imeshindiliwa hadi kanieneo ya takriban mara 200 ya hewa ya kawaida. Kanieneo hiyo ni kubwa mara nyingi kuliko ya mtungi wa jikoni. Na bado methani hiyo ni gesi, haijawa kimiminika, na haitakuwa hata ungeishindilia mara elfu.

Kwa nini? Fundi wa mitungi atakuambia ndivyo ilivyo. Jedwali litakuambia gesi ni gesi. Wanakemia wakubwa wa karne ya 19 nao walikwama hapo hapo. Michael Faraday aliigeuza klorini kuwa kimiminika mwaka 1823, akaendelea na gesi nyingine moja baada ya nyingine, na kufikia 1845 zilikuwa zimebaki sita zilizomkatalia: oksijeni, naitrojeni, haidrojeni, monoksidi ya kaboni, oksidi ya naitrojeni, na hiyo methani. Zikaitwa gesi za kudumu. Johann Natterer wa Vienna alizibana kwa zaidi ya mara 2,000 ya kanieneo ya hewa. Wapi! Ilielekea kuaminika kwamba ugesi ni tabia ya kuzaliwa nayo, kwamba baadhi ya vitu ni gesi kwa asili yake na basi. Nasisitiza jambo hili kwa sababu ndivyo jedwali linavyofundisha mpaka leo, pale linapoorodhesha oksijeni kama mfano wa gesi, maji kama mfano wa kimiminika na chuma kama mfano wa yabisi, kana kwamba ni makabila matatu.

Aliyefungua fundo ni Thomas Andrews wa Belfast, mwaka 1869. Aliibana dioksidi ya kaboni katika jotoridi mbalimbali na kugundua mpaka: chini ya nyuzi 31 hivi, ukiibana inakuwa kimiminika, juu ya hapo, bana utakavyo, haiwi. Kila gesi ina mpaka wake. Wa methani uko karibu nyuzi 83 chini ya sifuri, wa propani uko karibu nyuzi 97 juu yake, na joto la Dar es Salaam liko katikati. Hapo ndipo penye tofauti ya mitungi miwili ile. Methani sharti kwanza ipozwe. Ikifikishwa nyuzi 162 chini ya sifuri huwa kimiminika hata bila kubanwa, ujazo wake ukapungua takriban mara 600, na ndivyo meli zinavyoisafirisha baharini. Na msomaji mwenye mtungi wa dioksidi ya kaboni wa kuzimia moto ofisini ajue kwamba siku ya jua kali la Februari, chumba kikipita nyuzi 31, humo ndani hakuna tena kimiminika.

Sababu ya kuwapo mpaka ilielezwa mwaka 1873 huko Leiden na Johannes Diderik van der Waals. Mtu huyu alikuwa mwalimu wa shule, mwana wa seremala, na alikuwa bado anafundisha alipoandika tasnifu yake. Alifanya mambo mawili tu, na yote mawili ni mepesi kuyasema. Alisema molekuli zina ukubwa wake, si nukta tupu. Na alisema zinavutana. Kutokana na mambo hayo mawili hali ya gesi na ya kimiminika zikawa sura mbili za kitu kimoja, na mpaka wa Andrews ukapata maelezo: ni pale ambapo mwendo umekuwa mkubwa kiasi kwamba mvutano hauwezi kuzishika molekuli hata zikisukumwa kifua kwa kifua. Watafiti walijua sasa kwamba dawa si kubana, ni kupoza. Oksijeni ilisalimu amri Desemba 1877 mikononi mwa Cailletet na Pictet, kila mmoja kivyake. Haidrojeni kwa Dewar mwaka 1898. Na tarehe 10 Julai 1908, Leiden hiyo hiyo, Kamerlingh Onnes akaipata heli ya kimiminika katika nyuzi 269 chini ya sifuri. Van der Waals alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1910. Hadithi yote hii ya nusu karne haisimuliki kwa mwendo peke yake. Mwalimu anayeacha kani anawarudisha wanafunzi nyuma ya 1869.

Nipite haraka kwenye dai kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100 kila mahali, kwa kuwa hilo limesemwa na wengi. Maji huchemka pale msukumo wa mvuke wake unapolingana na ule wa hewa iliyo juu yake, na hewa ya Nairobi ni hafifu kuliko ya Mombasa. Nairobi maji huchemka karibu nyuzi 94; kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya bahari, karibu nyuzi 80. Mwanafunzi wa Nairobi akipima kwa uaminifu na kuandika 94, kisha akaambiwa kipimajoto chake ni kibovu, amefundishwa jambo baya kuliko kukosa jibu la kemia.

Kuna na lile neno "dhaifu". Kani hizi zinapofika hatimaye darasani, hufika zikiwa zimepewa jina la kani dhaifu za van der Waals, na mwanafunzi anahitimisha kwamba ni kitu cha kupuuzwa. Dhaifu kuliko nini? Kuliko bondi za ndani ya molekuli, sawa. Lakini tazama ukoo wa florini. Florini huchemka nyuzi 188 chini ya sifuri, klorini 34 chini ya sifuri, bromini 59 juu yake, na iodini ni yabisi nyeusi isiyoyeyuka mpaka nyuzi 114. Zote ni molekuli za atomu mbili, hakuna yenye ncha za chaji za kudumu, hakuna yenye bondi ya haidrojeni. Kinachozishika ni mvutano ule alioueleza Fritz London mwaka 1930: elektroni hazitulii, kwa kitambo kidogo sana zinakuwa nyingi upande mmoja, na chaji hiyo ya muda inaibua nyingine kwa jirani. Elektroni zikizidi, mvutano unazidi, na kilichokuwa gesi kinageuka jiwe. Naye mjusi kafiri anayekimbia darini juu ya kichwa chako hana gundi wala vikombe vya kunyonya. Mwaka 2002 Kellar Autumn na wenzake walionyesha kwamba vinyweleo vya nyayo zake, vinavyogawanyika hadi kuwa vidogo kupita kiasi, humshikilia kwa kani za van der Waals. Dhaifu kila moja, ndiyo. Zikijumlishwa, zinambeba mnyama.

Na kama mtu bado anazidharau, atazame maji. Sulfidi ya haidrojeni, ile yenye harufu ya mayai viza, ina molekuli yenye umbo linalofanana na la maji na uzito karibu mara mbili, nayo huchemka nyuzi 60 chini ya sifuri. Maji yangeufuata mwenendo wa ukoo wake, Bahari ya Hindi ingekuwa mvuke. Bondi za haidrojeni ndizo zinazoizuia isipae.

Michoro ya vitabuni nayo ina kesi ya kujibu. Huchora kimiminika kikiwa katikati ya yabisi na gesi, chembe zimeachana nusu bin nusu. Hakuna kimiminika cha namna hiyo jikoni. Maji yana ujazo mdogo kuliko barafu yake, ndiyo maana barafu huelea, na vitu vingi vingine hutanuka kidogo tu vinapoyeyuka. Chembe za kimiminika zinagusana. Pengo kubwa liko baada ya hapo: lita moja ya maji hutoa karibu lita 1,670 za mvuke katika nyuzi 100, maana yake umbali kati ya molekuli umeongezeka takriban mara 12. Mchoraji akichora kwa haki, gesi haitaenea kwenye kisanduku chake.

Nimesikia utetezi wa aina tatu. Wa kwanza ni kwamba mtoto wa miaka 14 haziwezi kani za kati ya molekuli. Mtoto huyo ameona tone la maji likining'inia kwenye mdomo wa bomba, likikataa kuanguka mpaka linenepe. Ameona maji yakijiviringisha juu ya jani la gimbi. Ameshika sumaku. Wazo la vitu kuvutana analo tayari. Lisilomwingia akilini ni chembe "kupata nguvu", maneno yasiyo na maana yoyote. Simtaki ajue elektroni za London siku ya kwanza. Nataka aambiwe sentensi mbili: chembe zote ziko katika mwendo daima, na chembe zote huvutana zikikaribiana. Njia ya mwongo ni fupi, na jedwali ni njia fupi; litakapofika somo la bondi mwaka unaofuata, mwalimu hujenga juu ya msingi ambao ingefaa aubomoe kwanza.

Wa pili ni kwamba muda hautoshi na maabara hakuna. Chupa mbili za mafuta, barafu ya mia mbili, kipimajoto kimoja, tone la spiriti kwenye kiganja na tone la maji kwenye kingine, uone lipi linakauka kwanza na kupoza zaidi. Kipindi kimoja kinatosha.

Wa tatu husemwa kwa sauti ya chini, nao ndio wa kweli: mtihani hauulizi. Mtihani huuliza tofauti tatu kati ya yabisi na kimiminika, na jedwali linatosha kwa alama tatu. Hapa lawama si ya mwalimu wa darasani peke yake.

Tunapenda sana kumtaja Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba, Lushoto, ambaye mwaka 1963 aliona mchanganyiko wa moto wa aiskrimu ukiganda kabla ya ule uliopozwa, akamwuliza mwalimu wake na kuambiwa amechanganyikiwa. Mwaka 1969 yeye na Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha majaribio yao, na jina lake limebaki katika fizikia hadi leo. Ubishi nao haujaisha: mwaka 2016 watafiti Burridge na Linden walipima upya na kusema hawakuuona ushahidi wa maana. Tunamsifu Mpemba, na huku tunaifundisha mada hii kwa moyo ule ule uliomfanya mwalimu wake amcheke, moyo wa kudhani kwamba kuganda na kuyeyuka ni mambo yaliyokwisha kujulikana, mepesi, yasiyo na swali. Kama angekuwa na jedwali letu tu kichwani, asingeuliza.

Walimu wenzangu, tulifute jedwali hilo, au tuliache likiwa na safu ya nne inayosema kani zake zikoje. Nanyi watunga mitihani, wekeni swali hili moja kwenye karatasi ya mwaka ujao: kwa nini gesi ya kupikia huwa kimiminika ndani ya mtungi wake, na ile ya bajaji haiwi, ingawa imebanwa zaidi? Shule zitaanza kufundisha kani muhula unaofuata, bila semina wala waraka.